Anwani Moja, Kompyuta Mbili

Nilipofika Njombe safari hii nilikusudia kukaa mpaka mvua ziishe, kisha niendelee na njia. Ndivyo nilivyoishi tangu nilipoacha shule kidato cha pili. Nimebeba viazi Iwawa, nimekuwa utingo wa lori la mbao, nimetengeneza simu Songea kwenye kibanda cha mtu, na kila mahali niliondoka mara tu nilipoona nimeshajua kazi ile inavyokwenda. Kwetu ni Mdandu. Wazazi wameshatangulia, nyumba anakaa kaka yangu na familia yake. Nikienda huko naketishwa kwenye kiti kizuri, naletewa chai kwenye kikombe cha wageni, na jioni naanza kuuliza habari za gari la kesho.

Njombe nilipata kazi kwenye kitalu cha miche ya parachichi. Nilianza kwa kujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche. Siku moja printa ya ofisini ilikwama, nikaomba niitazame, nikaifungua, nikakuta kipande cha karatasi kimejikunja ndani. Bosi alikuwa amesimama mlangoni. Akaniuliza kama najua na kompyuta. Nikamwambia sijui, ila sijawahi kuona kitu nikaacha kukichungulia. Wiki iliyofuata nilikuwa nimekaa mezani, jaketi mwilini, mvuke wa chai usoni, najibu barua pepe za kampuni.

Kampuni ilikuwa na anwani moja ya barua pepe na kompyuta mbili. Moja ilikuwa kwangu, mpakato, hapo kitaluni Njombe. Nyingine ilikuwa Makambako, ile ya mezani yenye kioo kipana, kwenye stoo ya kampuni karibu na njia panda, ambako miche ilishushwa ili wanunuzi wa Mbeya na wa Iringa waichukue bila kupanda huku kwetu. Mezani kule alikaa mama mmoja, umri wa mama yangu angekuwa hai, mjane, Mbena kama mimi. Yeye ndiye aliyepokea miche, akawaandikia wanunuzi hati zao, akafunga stoo jioni.

Fundi aliyetuwekea kompyuta hizo alikuwa ameshahama. Programu ya barua aliiacha na tabia moja: kompyuta ikifunguliwa, inakwenda kwenye seva, ile kompyuta kubwa ya mbali inayotunza barua, inazichukua zote, na kule haiachi kitu. Aliyetangulia kufungua ndiye aliyekuwa nazo. Wa pili alikuta sanduku tupu.

Kwa kuwa yule mama alikuwa mtu wa kuamka mapema, barua karibu zote zilishukia kwake. Kwa hiyo kila asubuhi alinipigia simu anisomee. Mimi niliandika pembeni, kwa sababu miche ilikuwa kwangu na aliyejua ipi imekomaa ni mimi.

Ila hakusoma barua kwanza. Kwanza tulisalimiana, na salamu ya Kibena haina haraka.

"Kamwene, mama," nilianza mimi, kwa kuwa mdogo ndiye anayeanza, hata kama mkubwa ndiye aliyepiga.

"Kamwene, baba. Umelala?"

"Nimelala."

"Baridi je?"

"Ipo. Ukungu sioni hata kitalu."

"Huku upepo. Nimefagia, umenirudishia mavumbi yale yale. Umekula?"

"Bado. Nitakunywa chai."

"Na nini?"

"Na chai."

"Oa wewe. Blanketi halipiki uji."

"Mama, tusome barua."

"Barua haziendi popote, zimo humu. Hao wa nyumbani Mdandu wanasemaje?"

Nilikuwa namwambia wanavyosema, hata pale ambapo sikuwa nimezungumza nao. Alikuwa anajua, nadhani, na aliuliza hivyo hivyo, ili swali lisipotee. Halafu alivaa miwani, nikisikia kifuko chake kikifungwa, akaanza kusoma: parokia fulani inaomba bei, kikundi fulani cha wakulima kinauliza kama miche imeunganishwa kwa kubebeshwa au ni ya mbegu. Alisoma polepole kama mtu anayesoma neno kanisani, pamoja na tarehe, pamoja na "wako mtiifu".

Chumba changu kilikuwa Yakobi, pembeni, mahali nyumba zinapoanza kuchanganyika na mahindi. Mwenye nyumba alikuwa safarini muda mwingi. Kitaluni wenzangu walikuwa wanandoa na wana wa mtaa, wakimaliza kazi wanaondoka wawili wawili. Zilikuwepo siku ambazo, nikihesabu maneno niliyosema na mtu tangu asubuhi hadi kulala, yote yalikuwa yale ya simu ya Makambako. Mvua ziliisha. Sikuondoka.

Kisha likatokea jambo la lori. Yule mama alikwenda msibani, na mtu aliyeachiwa stoo aliwasha kompyuta ili achapishe karatasi yake. Barua zikashuka, zikalala mle, hakuna aliyezisoma. Mojawapo ilikuwa ya mnunuzi aliyetaja siku ya kuja. Akaja kweli, na lori tupu, akakuta stoo tupu. Bosi alipigiwa simu mbele ya watu. Alikuja ofisini kwangu hajavua kofia.

"Nataka kompyuta hizi ziwe kitu kimoja," alisema. "Kinachoonekana Makambako kionekane hapa. Unaweza au nitafute mtu?"

"Nipe nafasi nijaribu."

Na hapo ndipo udadisi wangu uliponishika. Nilitazama video kwenye simu, nikasoma maelezo, nikaharibu mipangilio na kuirudisha. Nikaja kuelewa kwamba njia ziko mbili. Ya kwanza ndiyo ile tuliyokuwa nayo. Ilinikumbusha zamani kijijini, barua zilipopitia kanisani: aliyefika kwanza alibeba za ukoo mzima, na ukitaka yako umfuate kwake. Njia ya pili ni kama ubao wa matangazo pale mlangoni mwa kanisa. Karatasi inabaki ubaoni, kila apitaye anaisoma, na akiibandua mmoja, imebanduka kwa wote. Kompyuta haichukui barua, inaitazama tu ilipo. Ukiisoma Makambako, hata Njombe inaonekana imesomwa.

Nilibadilisha ya kwangu, kisha nikapanda gari kwenda Makambako kubadilisha ya kule. Yule mama alinipisha kiti chake, akasimama nyuma yangu na kitenge begani, akanipikia chai kwenye jiko la mkaa nje ya stoo. Ilikuwa mara chache sana tunaonana uso kwa uso, na tulikuwa na haya kidogo, kama watu waliozoeana gizani. Kazi haikuchukua muda. Nilimwonyesha barua zenye herufi nene nyeusi, kwamba hizo hazijasomwa, na kwamba ukiifungua moja herufi zake zinakuwa nyembamba.

"Na kwako zinakuwa nyembamba?"

"Wakati ule ule."

"Kwa hiyo hatuna haja ya kupigiana simu."

"Hatuna haja, mama. Kila kitu nitakiona."

Nilisema hivyo kwa furaha ya mtu aliyefaulu. Alikunja kitenge chake upya.

"Na nikiwa na neno langu na wewe?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Anwani ilikuwa moja, asingeweza kunitumia barua, angekuwa anajitumia mwenyewe. Lakini jibu lilinijia haraka, nami napenda majibu yanayokuja haraka. Nikamwonyesha mahali panapoitwa rasimu, pa barua zilizoandikwa na hazijatumwa. "Andika hapa," nikamwambia. "Usitume. Ukifunga inajihifadhi. Mimi nitaikuta kwangu."

Niliporudi Njombe nilijaribu. Nikaandika neno "jaribio" kwenye rasimu, nikampigia.

"Umeliona?"

"Naliona. Limeandikwa jaribio."

"Basi imekubali."

"Imekubali, baba. Hongera."

Ile ndiyo simu yetu ya mwisho ya asubuhi.

Siku za kwanza sikuona pengo. Nilikuwa najifurahia kama mtu aliyechonga mlango unaofunga vizuri. Bosi aliniletea wenzake waone. Lakini asubuhi moja baadaye, na nyingine, nilikaa mezani chai ikapoa, nikagundua kwamba nangoja simu ilie. Rasimu nilizitazama. Hazikuwa na kitu, isipokuwa lile neno langu la jaribio, ambalo sikulifuta.

Nilijiambia ana kazi. Nilijiambia mtu mzima kama yule ana wajukuu, ana kwaya, ana majirani. Mimi nilikuwa mtu wa kusomewa barua tu, na barua sasa zinajisoma. Mara kadhaa nilishika simu nimpigie, nikajiuliza nitasema napiga kwa jambo gani. Daima yeye ndiye aliyepiga, na daima kulikuwa na barua. Bila barua sikujua naanzia wapi. Nikarudisha simu mezani.

Lakini nilipata kitu kingine, na hiki sijawahi kumwambia mtu. Nilianza kufika mapema na kukaa mbele ya kioo bila kugusa barua hata moja. Ziliteremka zikiwa nyeusi, zimepangana. Kisha, kwa wakati wake, ya chini kabisa ikawa nyembamba. Nikajua amefika, amefagia, amevaa miwani. Baada ya kitambo, ya juu yake ikafuata. Alikuwa anazifungua kuanzia ile iliyofika kwanza, kama anavyosalimiwa mgeni aliyetangulia kuingia nyumbani, na hakuruka hata matangazo ya kijinga ya watu wanaouza dawa za nywele. Alikawia kwenye barua ndefu. Nilikuwa nakunywa chai yangu kwa mwendo wake. Akimaliza ya mwisho, na mimi naanza kazi.

Niliishi hivyo mpaka baridi ya katikati ya mwaka, ile inayounguza majani ya viazi. Nilikuwa nimeshaanza kusema moyoni, leo amechelewa, leo ana haraka, kama mtu anayekaa na mwenzake nyumba moja.

Asubuhi moja barua zilibaki nyeusi mpaka jua likawa juu ya kitalu. Kisha zikafunguka mbili za juu, mbio, na zilizobaki hazikuguswa. Kesho yake hivyo hivyo. Nilitazama siku kadhaa kabla ya kumuuliza bosi, na nilimuuliza kama mtu anayeuliza bei ya mbolea.

"Yule mama wa Makambako anaumwa?"

"Yule? Ameacha kazi. Amekwenda kukaa na binti yake Iwawa. Nimemweka binamu yangu pale." Akanitazama. "Hukujua? Si ninyi mnaandikiana kila siku?"

Nilisema tunaandikiana mambo ya kazi.

Lori la miche lilikuwa linateremka Makambako siku iliyofuata. Nilimwambia bosi nataka kukagua kompyuta ya kule, nikapanda. Stoo ilikuwa na harufu nyingine, ya sigara. Binamu wa bosi, mtu mzima mwenye kitambi na moyo mkunjufu, alifurahi kupata mtu wa kumwachia meza.

"Tazama tazama, fundi," alisema. "Hii mashine, mama aliyekuwepo aliijaza mambo yake. Mimi sijafuta, nikasema labda ni ya ofisi."

"Mambo gani?"

"Barua zisizo na kichwa. Ziko tele. Amemwandikia sijui nani."

Alikwenda kuhesabu miche. Nikafungua.

Programu ya kule ilikuwa na sehemu mbili za rasimu. Moja ilikuwa ya kwenye seva, ile tuliyoitazama pamoja, ambamo lilikuwamo neno langu. Nyingine ilikuwa ya kompyuta yenyewe, chini kabisa, imefichwa nyuma ya kialama kidogo cha kubonyeza, na humo ndimo programu ilimohifadhi kila alichoandika yeye. Mimi nilijaribu kutoka Njombe kwenda Makambako. Kutoka Makambako kuja Njombe sikujaribu, na yeye hakuwa mtu wa kudai.

Zilikuwa nyingi, za kila asubuhi ya kazi. Nilianza na ya kwanza.

"Kamwene baba. Umelala? Mimi nimelala. Upepo upo. Naandika polepole, utanisamehe."

"Kamwene. Sijaona jibu lako, labda bado unajifunza na wewe. Leo nimekula viazi."

"Kamwene baba. Mkubwa akianza kusalimu si mbaya, dunia imebadilika. Umekula?"

"Kamwene. Nimemuuliza dereva, amesema u mzima na unacheka na watu. Nimeshukuru Mungu."

"Kamwene. Labda una kazi nyingi. Usijali."

Baada ya hapo zilipungua maneno. Nyingine zilikuwa na neno moja tu, kamwene, na nukta. Ila hakuacha siku. Kwetu mtu asiyeitikia salamu husemwa mpaka kwenye ukoo, na mkubwa aliyemtangulia mdogo kwa salamu kisha asiitikiwe hana pa kuweka uso. Yeye aliuleta uso wake kila asubuhi, hapo hapo mezani, kisha akaanza kufungua zile barua nyingine moja moja, na mimi Njombe nikishika kikombe namtazama.

Ya mwisho ilisema: "Kamwene baba. Naondoka kwa binti yangu, amejifungua, na miguu yangu pia haitaki tena stoo. Funguo nimempa bosi. Oa. Kaa salama."

Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya stoo mahali upepo hauingii sana kwenye simu, nikampigia. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena.

"Haloo."

"Kamwene, mama."

Nilisikia upepo, na mtoto mchanga analia mbali.

"Nani huyu?"

"Mimi wa Njombe."

"Wa Njombe yupi? Wa Njombe niliyemjua alikufa."

"Aliuawa na nani?"

"Na kiburi."

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, kwa sababu nilitaka kueleza yote kwa mara moja: rasimu mbili, seva, kile kialama, jaribio la upande mmoja. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hazikutoka humu ndani."

"Hazikutoka."

"Hata moja?"

"Hata moja, mama. Nimezikuta leo."

Akaanza kucheka, kile kicheko chake cha puani, na akamwambia mtu aliyekuwa naye kwa Kibena kwamba alikuwa anasalimiana na ukuta wa stoo na ukuta ukawa na adabu, ulimsikiliza. Na mimi nikacheka. Nikaona nimwambie na la kwangu.

"Lakini mimi nilikuwa nakuona. Ukifungua barua nilikuwa naona zinafunguka. Nilikuwa najua umefika."

Kicheko kikaisha.

"Ulikuwa unaniona?"

"Kila asubuhi."

"Na simu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Sasa baba," alisema, bila ukali, "unaona mtu yuko uani kwake, unamtazama kupitia uzio, humwiti?"

Nilimwambia nilikosa jambo la kupigia. Akasema "haya," na nikasikia anamchukua yule mtoto mikononi, maana kilio kilikuja karibu.

"Basi niitikie salamu zangu," akasema.

"Zipi?"

"Zote. Nimelala, wewe umelala?"

"Nimelala, mama."

"Umekula?"

"Bado."

"Mpaka saa hizi," akasema, na alikuwa anamwambia mtoto, au binti, sio mimi.

Nilimwomba niwe nampigia asubuhi. Akasema asubuhi haiwezekani. Nyumba ya binti yake iko bondeni, mtandao hakuna. Sasa hivi yuko juu kwenye shamba la viazi, ndiyo maana nimempata, na asubuhi kuna barafu huko juu, hapandi na mtoto. Nijaribu Jumapili baada ya ibada. Wakati mwingine simu huwa na chaji.

Niliirekebisha kompyuta ya Makambako, ikawa inahifadhi rasimu panapotakiwa. Salamu zake sikuzihamisha. Zingekaa mbele ya macho yangu na ya binamu wa bosi kila siku, na siku atakapoamua kusafisha angezibandua kwa wote. Niliziacha chini mle zilimokuwa, nikamwambia yule binamu ni za ofisi.

Siku hizi nampigia Jumapili. Nikimpata, ananieleza mjukuu ameota jino, viazi vimefika bei gani, mchungaji amehubiri nini. Tunasalimiana, lakini ni salamu ya mchana, ya mtu ambaye tayari ameshaamka, ameshakula, ameshaulizwa na wengine alivyolala. Habari zangu zote ni fupi. Juzi aliniuliza kama bado niko Njombe, na niliposema nipo, akashangaa, akasema alidhani ningekuwa nimeshahama.

Jumatatu nafika ofisini kwa wakati wa kazi. Barua zimepangana nyeusi. Nazifungua mwenyewe.